Mpanda Baiskeli na Barabara: Somo la Historia kwa Watu wa Tongoni na Jirani Zake

  Leo tutazungumza juu ya chombo ambacho wengi wenu mmekiegemeza ukutani hivi sasa, pengine tairi moja limepungua upepo na kengele imeshika kutu. Nasema baiskeli. Sitawafundisha kuziba pancha wala kukaza cheni. Hayo mnayajua kuliko mimi. Somo letu ni la historia, na swali lake ni hili: barabara ni ya nani, na ilikuwaje mwenye baiskeli akawa kama mgeni juu yake?

Mtu wa Tongoni hana haja ya kuelezwa kwa nini swali hili lina uzito. Kutoka Tongoni mpaka mjini Tanga ni kilomita kama 17. Mchuuzi wa samaki huondoka kabla ya jua kuchomoza, tenga limefungwa juu ya keria kwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi kuukuu, maji ya samaki yanamdondokea mguuni. Hana taa, au anayo isiyowaka. Nyuma yake linakuja lori. Hulisikia kabla ya kuliona, na hapo huwa na dakika chache sana za kuamua: abaki juu ya njia na kumtumaini dereva, au ateremke mchangani na mzigo wake wote? Zamani, njia ya Pangani ilipokuwa ya udongo na mashimo, lori nalo lilijikokota. Mashimo yalikuwa adui wa kila mtu, lakini yalimlinda mnyonge. Katika miaka hii lami imeletwa katika njia hiyo. Barabara ya pwani, ya Bagamoyo, Pangani na Tanga mpaka kuungana na Kenya, ilipata nguvu mpya mwaka 2019, na Desemba mwaka huo Benki ya Maendeleo ya Afrika ilikubali kutoa fedha kwa mpango wake. Lami ni neema. Mgonjwa hufika hospitali upesi, samaki hawaozi njiani, nauli hupungua. Lakini lami huleta mwendo, na mwendo una hesabu yake, ambayo tutaifikia baadaye.

Kwanza turudi nyuma. Mnajua kwamba jina la Tongoni latokana na tongo, yaani mahali palipohamwa pakabaki magofu. Pale yapo magofu ya msikiti na makaburi kama arobaini, mengine ya nguzo, ya karne ya 14 na ya 15. Wareno walipopita mwezi Aprili 1498 pamoja na Vasco da Gama, jahazi lao moja lililoitwa São Rafael lilikwama katika mafungu karibu na hapa. Na waliporudi kutoka Bara Hindi, Januari 1499, wakalichoma moto jahazi lile kwa kuwa mabaharia waliobaki hawakutosha kuliendesha. Katika maandishi yao, pwani hii ikaandikwa kwa jina la jahazi lililokwama. Nawaambieni habari hii kwa sababu moja. Mtu apitaye mbio huona mahali petu kuwa ni kizuizi katika safari yake. Nahodha wa Kireno aliona fungu la mchanga. Dereva wa leo aendaye Pangani huona tuta la barabarani. Anayekaa mahali ndiye ajuaye kwamba pale pana shule, kisima, msikiti na njia ya watoto.

Sasa baiskeli yenyewe. Chombo cha kwanza cha magurudumu mawili kilitengenezwa na Mjerumani Karl von Drais mwaka 1817. Hakikuwa na pedeli, mpandaji alisukuma ardhi kwa miguu. Zikafuata baiskeli za gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma, ambazo ukianguka unaanguka kweli. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Uingereza akatoa baiskeli yenye magurudumu yaliyo sawa na cheni ya kuzungusha la nyuma. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop akatengeneza tairi la upepo. Basi, ile uliyoiegemeza ukutani ni ile ile ya 1885 na 1888, haikubadilika sana.

Lakini angalieni jambo hili, maana ndipo historia yetu inapoanza hasa. Wakati ule motokaa hazikuwako barabarani. Barabara za Ulaya na Marekani zilikuwa za matope na mawe, kwa kuwa watu wa safari ndefu walipanda treni. Ni nani aliyekwenda kwa wakubwa kudai barabara nzuri? Ni wapanda baiskeli. Marekani waliunda chama chao mwaka 1880, na chama hicho kikaanzisha harakati za kudai barabara njema. Uingereza, mwaka 1886, vyama vya wapanda baiskeli viliunda jumuiya ya kuboresha barabara. Wakachapisha vijitabu vya kuwafundisha wasimamizi wa wilaya namna ya kupanga mawe na kupitisha maji. Barabara zikatengenea. Kisha motokaa zikaja, zikazikuta barabara zimenyooka, zikazichukua. Katika muda wa miaka kama arobaini, aliyeomba barabara akaambiwa asogee pembeni.

Huku kwetu haikuwa hivyo. Sisi hatukuwa na chama cha wapanda baiskeli kilichotangulia motokaa. Mjini Tanga Wadachi walianza kujenga reli mwaka 1893, na mwaka huo huo Richard Hindorf akaingiza miche ya mkonge nchini. Reli na mkonge ndivyo vilivyoamua njia zipite wapi. Barabara ya gari ilikuwa mtoto wa reli: kazi yake kuchukua mkonge kutoka shambani mpaka stesheni, na kutoka stesheni mpaka bandarini. Hakuna aliyekaa mezani akauliza mkata mkonge ataendaje kazini kwake.

Hata hivyo baiskeli iliingia katika historia ya Tanga kwa mlango mkubwa. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Novemba 1914, wakati meli za Waingereza zilipokuwa zimetia nanga na askari wao waliotoka Bara Hindi wanateremka, jemadari wa Wadachi, Paul von Lettow-Vorbeck, alitaka kujua mji umekaliwa au la. Akapanda baiskeli pamoja na wenzake wawili, wakapita katika mitaa mitupu mbalamwezi inawaka, mpaka karibu na bandari, wakaziona meli na taa zake. Kesho yake vikapiganwa vile vita ambavyo wengine huvikumbuka kwa habari ya nyuki. Wanahistoria husimulia bunduki na nyuki; mimi hupenda kuikumbuka ile baiskeli. Jemadari mwenye farasi na treni alichagua chombo kisicho na kishindo, kimwezeshacho mtu kuona na kusikia. Mpanda baiskeli hujua barabara kwa macho, kwa masikio na kwa makalio yake. Shikeni neno hilo, tutalitumia mwisho wa somo.

Chini ya Waingereza baiskeli zikawa za watu. Uganda, katika miaka ya 1920, wakulima walizinunua kwa fedha ya pamba. Kwetu, makarani, walimu, maaskari, mafundi na wachuuzi walizinunua kwa mshahara na kwa nazi. Mwenye Raleigh nyeusi, iliyopakwa mafuta na kufutwa kila Ijumaa, alikuwa mtu wa kuangaliwa. Posa nyingi zilikwenda kwa baiskeli.

Wazee mnaonisikiliza mnakumbuka pia ushuru wa baiskeli. Mtu alilipa, akapewa kibati, akakifunga penye fremu. Asipokuwa nacho, askari humsimamisha. Asipokuwa na taa usiku, humsimamisha. Asipokuwa na breki, humsimamisha. Sisemi kwamba taa na breki ni mambo mabaya. Asiye na breki ni hatari kwa bibi avukaye njia. Nasema tazameni upande wa pili wa mizani. Mpanda baiskeli alilipa ushuru, akaandikwa, akatozwa faini. Je, barabara ilitengewa upana wa hatua mbili kwa ajili yake? Katika sehemu nyingi haikutengewa. Alijulikana kwa mtoza ushuru, hakujulikana kwa mchora barabara.

Baada ya uhuru baiskeli zilizidi. Zikaja za China na za India, na katika miaka ya Ujamaa tukaunda zetu wenyewe, Swala, ambazo baadhi yenu mmezipanda mkiwa wadogo kwa kupenyeza mguu ndani ya fremu kwa kuwa kiti kilikuwa juu mno. Mwaka 1973 ikatungwa Sheria ya Usalama Barabarani, ambayo mpaka leo, pamoja na marekebisho yake, ndiyo msingi. Sheria inamtambua mpanda baiskeli, inamtaka awe na vyombo vyake kamili, na inamtaka dereva asizidishe kilomita 50 kwa saa penye makazi ya watu. Basi kwa sheria mwenye baiskeli ni msafiri kamili. Kwa desturi ni jambo jingine. Wahenga walisema, mwenye nguvu mpishe. Na methali hiyo, ambayo ni shauri la hekima kwa mtu anayekutana na mlevi uchochoroni, imekuwa ndiyo sheria ya njia kuu. Mimi siikubali mahali hapo. Barabara iliyojengwa kwa fedha ya wote haiwezi kuendeshwa kwa shauri la uchochoroni.

Nilisema mwendo una hesabu yake. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 2023 kwamba watu kama milioni 1.19 hufa duniani kwa ajali za barabarani kila mwaka; katika kila mia, kama sita ni wapanda baiskeli, na waendao kwa miguu ni zaidi ya ishirini. Shirika hilo hilo laeleza kwamba mwenda kwa miguu akigongwa na motokaa yenye mwendo wa kilomita 65 kwa saa, hatari ya kufa kwake ni mara nne na nusu kuliko akigongwa na ile ya kilomita 50. Tafadhali fikirini tofauti hiyo. Kwa dereva, kutoka 50 mpaka 65 ni kukanyaga mafuta kidogo tu, atafika Pangani dakika chache mapema. Kwa mtoto wa Tongoni ni tofauti ya kulazwa hospitali na kuzikwa.

Je, mahali pengine walifanyaje? Nitatoa mifano miwili ya mbali, kisha turudi nyumbani.

Mwaka 1934 Uingereza ilifungua njia ya kwanza maalumu ya baiskeli kando ya barabara kubwa magharibi ya London. Waziri mwenyewe alikuja kuifungua. Utadhani wapanda baiskeli walishangilia? Chama chao kilipinga. Walisema: tunatengwa si kwa kupendwa, tunaondolewa ili motokaa zipate nafasi, kesho tutakatazwa barabara yenyewe. Walikuwa na haki kwa sehemu, kwa kuwa njia zile zilikuwa nyembamba, mbovu, na zilikatika kila zilipofika njia panda, yaani pale pale penye hatari. Nimeutaja ugomvi huo kwa sababu mtakutana nao. Mtu atawaambia, mkipewa njia yenu mtanyimwa lami. Jibu ni kuitazama njia yenyewe: ni pana? ni laini kama lami? inaendelea mpaka mwisho wa safari? Ikiwa sivyo, hamkupewa njia, mmewekwa kando.

Mfano wa pili ni Uholanzi, na hapa nitakaa kidogo. Watu wengi hudhani Waholanzi walizaliwa na baiskeli zao na njia zao. Si kweli. Baada ya Vita Kuu ya Pili walinunua motokaa kwa wingi, wakabomoa nyumba kupanua barabara, na baiskeli zikapungua mwaka hata mwaka. Mwaka 1971 watu zaidi ya 3,000 walikufa katika barabara zao, na zaidi ya 400 kati yao walikuwa watoto. Mwandishi mmoja wa gazeti, Vic Langenhoff, alikuwa amefiwa na binti yake njiani akienda shule. Mwaka 1972 akaandika makala yenye kichwa cha maneno makali, yaani Komesheni Mauaji ya Watoto. Wazazi wakamwitikia, wakaunda umoja wenye jina hilo hilo. Hawakuwa wahandisi. Walifunga mitaa kwa muda ili watoto wacheze, walipanda baiskeli kwa mamia, walikwenda mpaka nyumbani kwa waziri mkuu wakaimba mlangoni pake. Mwaka 1973 mafuta yakapanda bei, serikali ikakataza motokaa siku za Jumapili, na watu wakaona kwa macho mji usio na magari unavyokuwa. Mwaka 1975 wapanda baiskeli nao wakaunda chama chao cha nchi nzima, na serikali ikaanza kujenga njia za mfano katika miji miwili, The Hague na Tilburg. Wenye maduka waligomba kwamba wateja watapotea. Miaka ya karibuni nchi ile imepoteza chini ya watu 800 kwa mwaka barabarani, ingawa watu na motokaa wameongezeka sana. Hawakumaliza tatizo, na miongoni mwa wanaokufa wapanda baiskeli bado ni wengi. Lakini kutoka 3,000 na zaidi mpaka chini ya 800 ni misiba mingi iliyozuiwa.

Turudi kwetu. Msije mkafikiri mambo haya ni ya Wazungu tu.

Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 yalifanywa majaribio katika miji ya Tanzania na Kenya, kwetu Morogoro na Temeke, kwao Nairobi na Eldoret, ya kuwarahisishia njia waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Wataalamu walikaa na watumiaji wa barabara wenyewe, wakawauliza wapi wanapata shida. Vikatengenezwa vivuko vilivyoinuliwa, ambavyo ni tuta na kivuko kwa pamoja: motokaa hulazimika kupunguza mwendo, na mwenda kwa miguu huvuka bila kushuka. Mafunzo yake yaliandikwa na Marius de Langen na Rustica Tembele katika kitabu cha mwongozo kilichochapishwa mwaka 2001. Vilikuwa vitu vidogo, vya gharama ndogo, lakini vilitokana na kuuliza.

Dar es Salaam ulianzishwa Umoja wa Waendesha Baiskeli, UWABA, ambao umefanya misafara ya baiskeli barabarani na kuiomba serikali iweke njia za baiskeli katika barabara kuu. Msafara wa namna ile si mashindano. Ni fundi, mwanafunzi, muuza maziwa na mfanyakazi wa ofisini, kila mtu na baiskeli yake ya kila siku, wanapita pamoja ili wahesabike. Mwezi Mei 2016 mabasi ya mwendo wa haraka yalipoanza katika barabara ya Morogoro, kando yake palikuwa pamewekwa njia za miguu na za baiskeli, na jiji likapata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018. Lakini nendeni mkaone: pikipiki zimepanda juu ya njia ile, motokaa zimeegeshwa, meza za biashara zimewekwa. Njia isiyo na mwenye kuisemea hurudi kuwa mali ya mwenye nguvu.

Tena lipo shirika la Amend, lililofanya kazi penye shule za Dar es Salaam ambako watoto walikuwa wakigongwa sana. Waliwauliza watoto wapitapo, kisha wakaweka matuta, njia za miguu, vizuizi na alama. Majeruhi wakapungua kwa zaidi ya robo, na mwaka 2019 kazi hiyo ikapewa tuzo ya dunia ya miji. Mahali pengine palitosha mifuko michache ya saruji na rangi nyeupe.

Nataka niseme neno juu ya akina mama na mabinti, maana katika mazungumzo ya baiskeli husahauliwa. Pwani yetu mwanamke juu ya baiskeli bado hutazamwa mara mbili. Wengine huleta hoja ya baibui na cheni. Hoja hiyo fundi huimaliza kwa kifuniko cha cheni na fremu ya kike. Wengine hoja ya haya. Mimi nauliza, ipi haya kubwa zaidi: binti wa sekondari kufika nyumbani kwa baiskeli kabla ya magharibi, au kusimama gizani akimbembeleza dereva wa bodaboda? Na bodaboda wenyewe, kumbukeni, ni mtoto wa baiskeli: jina hilo lilitoka mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako wapanda baiskeli walivusha watu kutoka kituo hata kituo. Lakini mzazi hatamruhusu binti yake apande baiskeli katika barabara anayoiogopa yeye mwenyewe. Kwa hiyo hoja ya akina mama ni hoja ya barabara.

Basi sisi tufanyeje? Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu kama milioni mbili nchini walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vijitabu, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Hawakungoja mtaalamu aje kuwachimbia. Sisi hatuwezi kujijengea barabara kuu, hiyo ni kazi ya Wakala wa Barabara, TANROADS. Na njia za ndani ni za TARURA, iliyoanza kazi mwaka 2017. Lakini tunaweza kufanya jambo ambalo wao hawana nafasi ya kulifanya kila mahali: kuhesabu na kuonyesha. Mhandisi anayepita ndani ya gari lake saa nne asubuhi haoni baiskeli, kwa sababu saa nne wachuuzi wamekwisha kupita na watoto wamo darasani. Akisema barabara yenu haina wapanda baiskeli hasemi uongo. Amekuja saa isiyo yake.

Kwa hiyo kikundi chenu kichague mahali pawili, moja karibu na shule na jingine njia panda ya kuingia pwani. Wakae watu wawili kila mahali, toka saa kumi na moja alfajiri mpaka saa mbili, na jioni toka saa kumi mpaka saa moja. Chukueni daftari, chora mistari: waendao kwa miguu, baiskeli, pikipiki, motokaa ndogo, mabasi na malori. Watoto waandikwe peke yao. Fanyeni hivyo siku ya kawaida na siku ya soko. Kisha pandeni baiskeli, taratibu, mkaandike yale ambayo makalio yameyaona: wapi ukingo wa lami uko juu kuliko bega la barabara, hata mtu akiteremka anaanguka, wapi bega limekatika kwenye daraja, wapi tuta limetandazwa mpaka ukingoni, hata mwenye mzigo wa samaki analazimika kuingia katikati ya njia kulikwepa. Kosa hilo la tuta ni la kawaida sana, na dawa yake ni kuacha upenyo mdogo pembeni. Mtaambiwa kwamba pikipiki nazo zitapita hapo. Ni kweli, zitapita. Pigeni hesabu yenu wenyewe lipi lina madhara zaidi.

Hesabu ikiwa tayari, ipelekwe katika mkutano wa mtaa isomwe kwa sauti, watu wairekebishe. Mzee fulani atasema, mmesahau mahali alipogongwa fulani. Andikeni. Kisha barua iende kwa Meneja wa TANROADS wa Mkoa wa Tanga, nakala kwa diwani na kwa polisi wa usalama barabarani. Barua iwe fupi, iombe mambo matatu au manne yenye mahali pake: kivuko kilichoinuliwa mbele ya shule, bega lililo sawa na lami kutoka hapa mpaka pale, kibao cha 50 pale nyumba zinapoanza. Barua inayoomba usalama kwa jumla hujibiwa kwa jumla. Na iandikwe mapema. Kusogeza kivuko mhandisi anapokuwa bado na tingatinga lake njiani ni kazi ya siku chache. Akishaondoka, ni habari ya bajeti ya mwaka mwingine.

Nakala moja ya daftari ibaki kwenu. Mwaka ujao, mwezi ule ule na saa zile zile, hesabuni tena pale pale. Andikeni tarehe, na andikeni kama kulikuwa na mvua, kwa sababu siku ya mvua wachuuzi huwa wachache, na mtu akitaka kuikataa hesabu yenu ataanzia hapo.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.